Ubao wa Nyuma wa Boti ya Zahanati

Siku waliyoniaga karakana walinipa kitenge, saa ya ukutani na dakika tano za kusema. Mshereheshaji akaniinamia, akaninong'oneza, "Mama, mazuri tu." Nikasema mazuri. Nikawashukuru wote, nikala pilau, nikapanda bajaji kurudi nyumbani nikiwa na hasira mpaka nikashindwa kufungua kufuli la mlango wangu mwenyewe. Haya ninayoandika ndiyo niliyopaswa kuyasema siku ile. Nawaandikia nyie mliobaki pale, mnaoshika msasa na ndoo ya resini sasa hivi, na zaidi namwandikia yule atakayeletewa fomu ya ukaguzi akaambiwa atie sahihi haraka kwa sababu kuna wageni.

Vyeo vyangu sitavitaja. Havikuwa vingi na hakuna hata kimoja kilichonifundisha kitu.

Jina langu ni Kabula. Nilizaliwa upande wa Mwanza. Baba na wajomba walipohamisha ng'ombe kuja Kasansa, huku bonde la Rukwa, kutafuta malisho, mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikaachwa mjini kwa shangazi. Shangazi alikuwa anapikia mafundi kwenye yadi moja ya boti za faiba kando ya ziwa, na kazi yangu ilikuwa kumbebea masufuria. Siku ya tatu fundi mmoja hakutokea. Fundi mkuu wa pale, mwanaume mwembamba mwenye kikohozi aliyeitwa Batista, akaniuliza, "Binti, unaweza kukoroga?"

Nikadhani anasema uji. Nikamjibu ninaweza sana.

Akanipa ndoo ya resini na kichupa cha hadina, ile dawa inayoifanya igande, akaniambia nitie kidogo. Kidogo ya mpishi si kidogo ya fundi. Ndoo ikaanza kupata moto mikononi, kisha ikatoa moshi, kisha nikapiga kelele. Batista akainyakua, akaitupa kwenye lundo la mchanga, akaitazama ikipasuka kama chungu. Nilingoja matusi. Akasema, "Haya, sasa unajua. Kesho usije na masufuria."

Nilikaa kwake miaka minane. Sikumbuki kama aliwahi kunisifu. Kazi ikiwa nzuri alipita bila kusema, ikiwa mbaya alisimama. Tulikuwa tunatega masikio kusikia kama kikohozi chake kinapita au kinasimama.

Kwa ambaye hajaishika kazi hii, faiba ni kitambaa cha nyuzi za kioo. Unakitandaza, unakilowesha kwa resini, kinakauka kinakuwa kigumu kama gamba. Unapanga tabaka juu ya tabaka mpaka unapata boti. Watu husema faiba haiozi, na ni kweli. Lakini sehemu zinazobeba mzigo zina mbao ndani, zimefunikwa kama nyama ndani ya sambusa. Kubwa kuliko zote ni ubao wa nyuma, ule wima unaofunga tako la boti. Maji yakipata tundu dogo tu, tundu la msumari, yanaingia humo na hayatoki. Nje boti inang'aa, ndani mbao inageuka tope. Batista alinifundisha kugonga kwa mpini wa nyundo, inchi kwa inchi, na kusikiliza. Mbao nzima inajibu ko, ko. Iliyooza inasema pu.

Mama alipougua, nilimfuata Kasansa. Nilimuuguza misimu miwili nikilima mpunga na kukamua ng'ombe, mikono ikasahau msasa. Alipofariki nikasikia kuna karakana Mpanda inahudumia boti za pande zote mbili, za ziwa Tanganyika na za Rukwa, na haina mtu anayejua faiba. Nikaenda. Aliyenipokea akasoma barua yangu, akaniamkia vizuri, akanionyesha jiko.

"Jiko la nini?" nikamuuliza.

"Si umekuja kwa ajili ya kazi?"

Nilipita nyuma ya jengo, nikaikuta mitumbwi miwili ya faiba imepasuka matumbo, nikavua viatu, nikaanza kuipiga msasa. Mpaka jioni hakuna aliyenizuia, kwa hiyo nikahesabu kwamba nimeajiriwa.

Vifaa vyetu mnavijua. Grainda ilikuwa moja, ikikata vyuma asubuhi na faiba mchana, na kila mtu aliapa kwamba si yeye aliyeiharibu. Resini ilikuja kwa treni kupitia Kaliua, pipa linakaa ndani ya behewa lenye joto siku kadhaa, likifika tunalitikisa kusikia kama bado kuna kimiminika. Pipa moja liliganda lote. Tulilifanya kiti, na nadhani hadi leo mnalikalia. Miezi ile ya joto kabla ya mvua nilikuwa nakoroga alfajiri tu, maana ikishafika saa tatu resini inaganda kabla brashi haijaigusa. Barakoa ilikuwa khanga. Kifua changu cha leo ni cha khanga ile, na Batista wangu naye sasa namwelewa alivyokuwa anakohoa.

Kulikuwa na kazi ngumu nilizozipenda. Ya kwanza niliyotumwa peke yangu ilikuwa kule chini ya Majimoto, upande wa Rukwa, boti ya wavuvi iliyong'atwa na kiboko. Alama za meno zilikuwa wazi kabisa, nne juu na nne chini. Mwenye boti alitaka nizibe lakini niache meno yaonekane kidogo, ili watu wasiseme ameongopa. Nilimwachia jino moja.

Sasa niseme lile lililonikalisha hapa.

Karakana ilipata mkuu mpya. Nitamwita Mkuu tu, maana jina lake sitaki likae kwenye karatasi yangu. Hakuwa mjinga, wala hakuwa mtu wa matusi. Alikuwa mtu wa picha. Kila kitu alikipima kwa jinsi kitakavyoonekana kikipigwa picha.

Nyuma ya karakana kulikuwa na boti ya faiba ya futi ishirini na mbili. Miaka ya nyuma ilikuwa na injini ya ndani, iliyokaa katikati kama jiwe, na injini ile ilikufa zamani. Mbuzi walikuwa wanalala humo. Mvua ziliijaza na kuikausha, mwaka hadi mwaka. Siku moja Mkuu akatuita, akatuambia kuna wafadhili wametoa injini mpya ya nje, ile ya kuning'inizwa nyuma, na kwamba boti ile itafufuliwa iwe ya zahanati moja ya ufukweni, kusini ya Karema, ambako barabara haifiki. Itakuwa inachukua wagonjwa na wajawazito kuwapeleka kituo cha afya cha Karema.

Nilifurahi. Lazima niliseme hilo. Kazi ya kufufua boti iliyokufa ndiyo kazi tamu kuliko zote.

Tulitoa injini kuukuu kwa mnyororo, watu sita. Nikaziba tundu la shafti kwa tabaka nane. Sakafu nikaing'oa, nikaweka mpya. Kilichobaki kilikuwa breketi. Breketi ni chuma kilichoundwa kama meza fupi. Kinafungwa kwa bolti kwenye ubao wa nyuma, na injini inakaa juu yake, nje ya boti kabisa. Zahanati waliitaka hivyo kwa sababu ndani kunabaki nafasi ya mtu kulala. Lakini injini ikisogezwa nje, inavuta zaidi. Chukua ndoo ya maji uishike kifuani, kisha unyooshe mkono nayo. Huo mkono ndio ubao wa nyuma.

Nikachukua nyundo, nikageuza mpini, nikagonga. Pu. Nikasogea. Pu. Kona ya kulia juu ndiyo pekee iliyojibu ko. Nikatoboa tundu dogo chini kabisa, ikatoka maji ya rangi ya chai ya rangi, nikaenda kunywa uji nikarudi, bado yanatoka.

Nikaenda ofisini.

"Mkuu, ubao wa nyuma umeoza wote. Inabidi nikate ngozi ya ndani, nichimbe mbao yote, niache pakauke, niweke plaiwudi mpya na tabaka mpya. Nipe miezi miwili na nusu."

"Wageni wanakuja baada ya wiki tatu," akasema.

"Wageni wataiona ikiwa matengenezoni."

"Mama Kabula, wageni hawaji kuona matengenezo. Weka bamba kubwa la chuma kwa ndani, piga bolti, ziba, paka rangi. Baada ya sherehe utaifungua uitengeneze unavyotaka wewe."

"Baada ya sherehe itakuwa majini."

"Itarudi."

Nilikataa. Nilikaa siku mbili bila kuigusa ile boti, nikipiga msasa vitu ambavyo havikuhitaji msasa. Siku ya tatu Mkuu alikuja mwenyewe nyuma, akakaa juu ya lile pipa, akaongea taratibu. Akaniambia mvua zilizopita kuna mama alifia kule ufukweni kwa kukosa usafiri. Akaniambia wafadhili wasipoona boti wataipeleka injini mkoa mwingine.

"Kwa hiyo chagua," akasema. "Boti yenye kasoro, au hakuna boti kabisa. Wewe ni mwanamke, unajua uchungu ni nini. Utawaambia wale kina mama wangoje?"

Hapo ndipo aliponikamata. Nimefikiri maneno yale miaka yote hii na kila nikiyafikiri damu inanichemka, kwa sababu yalikuwa maneno mazuri na aliyatumia kama spana.

Nilifanya. Kinachonitia hasira kuliko vyote ni kwamba nilifanya vizuri. Nilikata bamba, nikaliweka kwa ndani, nikatoboa matundu manane, nikapitisha bolti. Nilipokaza nati niliisikia mbao ikibonyea. Kwenye mbao nzima nati inafika mahali inakataa, hata mkono unajua. Hizi hazikukataa. Zilizama, zikaendelea kuzama, ningetaka ningezikaza mpaka zitokee upande wa pili. Nikasimama pale zilipoonekana sawa. Nikaziba kwa puti, nikapiga msasa wa maji, nikapaka rangi nyeupe tabaka tatu na mstari wa buluu ubavuni. Ungeiona ungesema imetoka kiwandani.

Kisha ikaja fomu. Kuna mstari umeandikwa "Hali ya ubao wa nyuma", na visanduku viwili, nzuri na mbaya. Mkuu hakuwepo chumbani. Hakuna aliyenishika mkono. Nikatia alama kwenye nzuri, nikaandika jina langu lote, nikatia sahihi.

Boti ilipelekwa Karema kwa lori. Kulikuwa na ngoma, na mahema, na hotuba ambazo ziwa lilizifunika kwa upepo. Nahodha aliyepewa boti alikuwa Yasini, mtu wa hapo hapo ziwani, miaka kama arobaini, mpole, aliyekuwa akivua tangu utoto. Aliwazungusha wageni ghubani, wakapiga makofi, picha zikapigwa. Alipowashusha alinivuta pembeni.

"Mama Fundi, huku nyuma kunalia."

"Kunalia vipi?"

"Nikikata kona kunafanya kama mlango mkuukuu. Kriii."

"Ni rangi mpya," nikamwambia. "Itazoea."

"Rangi nayo inalia?" Akacheka. Alicheka kwa sababu aliniamini, na mimi nikacheka naye.

Nilimkumbusha Mkuu kuhusu kuirudisha. Akasema mwezi ujao. Mwezi ukaja nikamkumbusha tena, akasema ina kazi nyingi, itakatisha huduma. Mara ya tatu sikwenda. Nilijiambia labda nimezidisha woga, labda itakaa.

Ilikaa miezi miwili na siku kadhaa.

Yaliyotokea nilisimuliwa na Yasini mwenyewe. Ilikuwa saa nane mchana. Kwenye boti walikuwa watu wanne: yeye, muuguzi wa zahanati, mama mmoja kijana aliyeitwa Anastazia ambaye uchungu ulikuwa umemshika tangu jana yake, na mama mkwe wake. Anastazia alilazwa sakafuni juu ya godoro, kwenye ile nafasi iliyopatikana kwa sababu ya breketi. Ziwa lilikuwa limechafuka kidogo tu. Walipofika katikati ya njia, wimbi likaibeba boti na kuishusha, Yasini akasikia mlio kama mti unaokatika, akageuka, akaona injini haipo. Breketi ilikuwa imeng'oka na bolti zake zote, pamoja na kipande cha ubao wa nyuma kikubwa kama sinia la kulia watu watano. Maji yakaingia.

Waliziba kwa godoro lililokuwa chini ya Anastazia. Mama mkwe alivua kitenge chake, muuguzi akavua koti, wakasindilia. Yasini alipiga kasia, muuguzi akikumba maji kwa ndoo huku akimshika Anastazia kwa mkono mwingine. Upepo uliwasukuma nje badala ya kuwasogeza ndani. Walikaa hivyo mpaka jua likaelekea kuzama, ndipo wavuvi wakawaona na kuwakokota. Mtoto alizaliwa njiani, juu ya maji yaliyofika kwenye vifundo vya miguu. Hakulia.

Habari zilifika Mpanda kesho yake asubuhi. Mimi nilikuwa nimeshika brashi. Niliiosha brashi kwa asetoni, nikaiosha tena, nikaiosha mpaka mtu akaniuliza kama niko salama.

Kikaundwa kikao cha uchunguzi. Kabla hakijakaa, tayari maneno yalikuwa yameshapikwa: nahodha alizidisha mzigo, nahodha alikimbiza boti kwenye mawimbi. Watu wanne kwenye boti ya watu kumi. Yasini akasimamishwa kazi kwa barua. Boti ikarudishwa kwa lori ikiwa imefunikwa turubai, na Mkuu akatoa amri ikatwekatwe na kuchomwa ifikapo Ijumaa, eti ni chombo hatari kisichofaa kukaa karibu na watu. Mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa anaogopa chombo hatari.

Mimi nilinyamaza siku kumi na moja. Andikeni hiyo nambari vichwani mwenu. Siku kumi na moja mtu asiye na kosa alikaa nyumbani kwake Karema, majirani wakimtazama kama muuaji, na mimi nilikuwa nakwenda kazini, nakula, nalala. Nilikuwa naogopa sahihi yangu.

Siku ya kumi na mbili Yasini alikuja Mpanda kuitikia wito wa kikao. Alinikuta getini. Nilitaka anitukane.

Akasema, "Shikamoo Mama Fundi. Nilikuwa nafikiri, labda ningepunguza mwendo mapema kidogo."

Alikuwa ameanza kuamini. Mtu aliyepiga kasia na mikono ikachubuka alikuwa ameanza kuamini kwamba kosa ni lake. Pale pale hasira ikanipanda kutoka miguuni, na kwa mara ya kwanza haikuwa hasira ya kuosha brashi. Nikaenda nyuma, nikavuta turubai, nikaingiza mikono kwenye lile tundu. Mbao ilitoka kwa vidole. Nyeusi, laini, inanuka kama majani ya mpunga yaliyooza shambani. Nikajaza karai. Nikatoka nalo mpaka chumba cha kikao, nikaingia bila kubisha, nikaliweka juu ya meza, juu ya karatasi zao.

Mwenyekiti akarudisha kiti nyuma. "Nini hiki?"

"Ubao wa nyuma wa boti ya zahanati."

Mkuu akasema kwa utulivu, "Huyu mama hajaitwa."

"Sijaitwa," nikasema. "Wiki tatu kabla ya sherehe nilikuambia umeoza. Ukaniambia niweke bamba nipake rangi. Yasini hakuzidisha mtu wala mwendo. Hata angekuwa peke yake, hata ziwa lingekuwa limetulia, siku moja ungeng'oka."

Mkuu akavuta faili. Alikuwa ameliandaa. Akatoa fomu, akaisogeza kwa mwenyekiti, akaniuliza kwa sauti ile ile ya upole, "Sahihi hii ni ya nani?"

"Ya kwangu."

"Na alama ya nzuri?"

"Ya kwangu."

"Basi," akasema, akakunja mikono.

"Basi nini?" nikamuuliza. Sauti yangu ilisikika mpaka barabarani, waliniambia baadaye. "Mimi nimekubali kosa langu mbele ya watu. Lako liko wapi? Au lako halina fomu?"

Akairudisha fomu ndani ya faili.

Mwisho wake mtataka kuujua. Yasini aliondolewa adhabu kwa barua ya mistari miwili, isiyo na neno samahani. Mimi nilipewa onyo la maandishi na sikulipinga, maana lilikuwa langu. Mkuu alihamishwa, akaenda mahali pakubwa zaidi, na nasikia huko napo kuna picha nyingi. Waliofanyiwa ubaya ni wengine, waliopanda vyeo ni wengine. Kama mnangoja niseme kwamba nimesamehe, mtangoja sana.

Boti haikuchomwa. Nilikaa mbele yake siku ya Ijumaa, waliotumwa kuichoma wakarudi na petroli yao. Nikamwambia mkuu aliyekaimu kwamba nitaitengeneza mimi, na sitapaka rangi mpaka yeye mwenyewe agonge kila inchi kwa mpini wa nyundo. Nilikata ngozi yote ya ndani. Nilichimba mbao kwa patasi mpaka nikafika kwenye faiba tupu. Nikaiacha wazi wiki tano ikauke, nikiifunika kwa mabati kukitishia mvua. Nikaweka plaiwudi mpya vipande vitatu, kila kimoja nimekinywesha resini kwanza mpaka kikashiba. Nikapandisha nguzo za pembeni kuunganisha ubao na mbavu za chini, ili mzigo usibaki mahali pamoja. Na matundu ya bolti, sikilizeni hapa, niliyatoboa makubwa kwanza, nikayajaza resini iliyochanganywa na nyuzi, ikakauka, kisha ndipo nikatoboa matundu ya kweli katikati yake, ili hata maji yakipenya kwenye bolti yasiikute mbao. Nilipokaza nati zilikataa. Nane zote zilikataa. Nililia, na watu wakadhani ni vumbi la faiba.

Injini nyingine ilipopatikana tulirudi Karema. Nikamwambia Yasini aijaribu.

Akaitazama, akapita nyuma, akabonyeza kwa kiganja. "Mama Fundi, sikukatalii. Ila panda na wewe. Ukae pale."

Alionyesha nyuma kabisa, mgongo kwenye ubao.

Sijui kuogelea. Miaka yote ya boti, na sijui kuogelea. Nilipanda, nikakaa pale, injini ikinguruma nyuma ya kichwa changu, na hatukuzunguka ghubani kama wageni. Tulikwenda njia ile ile, mpaka kile kijiji cha zahanati, saa ile ile ya mchana, maji yakiturukia usoni. Nilikuwa natega sikio kila wimbi. Hapakulia. Tangu siku hiyo sijakabidhi boti bila kukaa nyuma yake kwanza, na atakayenirithi asipofanya hivyo mwambieni nimesema ashuke kazini.

Ufukweni wanawake walikuwa wanageuza dagaa waliowaanika mchangani. Yasini akaniambia kwa sauti ya chini, "Yule wa gauni la kijani ndiye." Sikujua niende au nikae. Anastazia ndiye aliyekuja. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomfikiria. Alisimama pale maji yanapoishia.

"Wewe ndiye fundi?"

"Ndiye mimi."

"Na ile ya kwanza ulitengeneza wewe?"

"Mimi."

"Ulijua?"

Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno: Mkuu, wageni, wiki tatu, mama aliyefia ufukweni. Yalikuwa ya kweli yote.

"Nilijua," nikasema.

Akaitazama boti muda mrefu. Nikashindwa kuvumilia, nikaanza kumweleza kwamba sasa nimetoa mbao yote, nimeweka mpya, nimekuja nayo nikiwa nimekaa pale pale nyuma.

"Sijakuuliza ya sasa," akasema.

Nikaushika ukingo wa boti.

"Alikuwa wa kike," akasema. "Walikuambia?"

"Hapana. Hawakuniambia."

"Alikuwa wa kike."

Akarudi kwenye dagaa wake, akainama, akaendelea kuwageuza. Mimi nilibaki pale miguu ikiwa majini. Ripoti ya kikao nilikuwa nimeisoma yote, ukurasa kwa ukurasa, nikitafuta mahali walipomwandika Mkuu. Injini iliyozama ilikuwa imeandikwa humo vizuri kabisa, aina yake, nguvu zake na namba iliyogongwa ubavuni. Yule mtoto hawakumwandika popote.